Jinsi ya kutazama ndege Mwanza: anzia Mwaloni, ndipo uvuke kwenda Saanane

Mimi ni fundi wa injini za boti, Kirumba. Mtu akiniletea injini inayokohoa, sikimbilii spana. Namwambia aiwashe, nainama, nasikiliza. Plagi iliyochoka ina mlio wake, petroli iliyoingia maji ina mlio wake, na mara nyingi dakika mbili zikipita nimeshajua pa kufungua. Ndege wa ziwani nimewajua kwa njia hiyohiyo: natulia, nasikiliza, naangalia anafanya kazi gani, jina linakuja mwisho. Wengi niliowapeleka kisiwa cha Saanane wamerudi wakilalamika kwamba hawakuona ndege ila kunguru. Walikuwa wanatembea. Wanatembea, wanajipiga picha juu ya mawe, wanacheka, wanatembea tena. Ndege ndio waliowaona wao.

Anzia Mwaloni, ni bure

Kisiwa kiache kwanza. Nenda Mwaloni Kirumba, pale dagaa na samaki wakavu wanaposhushwa, au mwalo wowote ulio karibu na kwako. Kisiwani kuna kiingilio na boti. Mwaloni unahitaji ndoo ya kukalia na kikombe cha chai. Tena ndege wa Mwaloni wamezoea watu, hawakimbii ovyo, na ni wakubwa kiasi kwamba hata bila darubini utaona kila kitu.

Kaa pembeni, usizibe njia ya wabeba mizigo. Watakusukuma, na haki ni yao. Kwa nusu saa nzima usitafute ndege zaidi ya watatu.

Wa kwanza ni kongoti, yule mwenye upara, mdomo kama patasi na kifuko cha waridi kinachoning'inia shingoni. Akisimama wima anamkaribia mtoto wa shule ya msingi kwa kimo. Watu husema kile kifuko anatunzia chakula. Si kweli, ndani yake ni hewa. Mwangalie miguu, ni myeupe kama imepakwa chokaa. Subiri kidogo utaona chokaa inatoka wapi: anajinyea miguuni makusudi, na yale majimaji yakikauka yanampoza joto. Mtoto wa jirani yangu nilipomwonyesha alicheka hadi chai ikamtoka puani. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kumchanganya kongoti na ndege mwingine.

Wa pili ni mwewe. Mkia wake una pengo kama panda, na anapogeuka hewani anaupindisha mkia kwanza, mwili unafuata, kama mkono wa injini ya nyuma ya boti. Huyu usimtazame ukiwa umeshika chakula. Nilinunua kipande cha sangara wa kukaanga, nikakiweka juu ya gazeti gotini, nikawa namweleza kijana wangu wa kazi jinsi mwewe anavyogeuka. Nilihisi upepo nyuma ya sikio, basi. Sangara hakuna, gazeti liko majini. Mama aliyekuwa anakaanga akaniuliza, "Fundi, na huyo atalipia lini?"

Wa tatu ni yangeyange, na hapa ndipo pa kujifunzia. Ukisema "nimeona ndege mweupe" umesema sawa na mteja anayeniambia "injini imekufa." Sawa, imekufaje? Wale weupe si aina moja. Angalia mdomo, kisha shuka miguuni. Yule mfupi mwenye mdomo wa njano, anayefuata ng'ombe na kuokota wadudu wanaoshtuliwa na kwato, ni mmoja. Mwingine ana mdomo mweusi, miguu myeusi, ila vidole ni vya njano, kama mtu aliyevaa suruali nyeusi na kandambili mpya. Huyu wa kandambili hafuati ng'ombe. Anasimama kwenye maji ya kina kifupi, anatikisa mguu mmoja chini ya maji, samaki wadogo wanashtuka, anawadona. Kuna na wa tatu, mrefu kuliko wote, shingo imepinda katikati kama bomba lililokunjwa. Yeye anasimama tu bila kutikisika hata ukadhani ni mti. Weupe watatu, kazi tatu. Ukishawatenganisha hao, umeshaanza kutazama.

Kazi kwanza, rangi mwisho

Maswali yangu ni manne, na ninayauliza kwa mpangilio uleule kila siku. Anakula nini na anakipataje? Mdomo wake ukoje? Miguu je? Halafu ndiyo rangi.

Rangi naiweka mwisho kwa sababu iliniaibisha. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naandika kwenye daftari "tai wa kahawia wa Bwiru" nikiamini nina ndege wangu ambaye wengine hawamjui. Siku moja mzee mmoja mvuvi akanisikia nikimsimulia mtu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo tai wako anavua samaki?" Nikasema ndiyo, shikamoo mzee, anavua vizuri sana. "Na analialia pale pale wanapolia furukombe?" Nikanyamaza. Alikuwa mtoto wa furukombe. Furukombe haanzi maisha na kile kichwa cheupe na tumbo la rangi ya kutu. Anaanza na madoadoa ya kahawia, na inamchukua miaka kadhaa kuvaa sare ya wakubwa. Ningetazama kazi, ningemjua siku ya kwanza.

Jaribu na hawa wawili, maana huwachanganya hata wenyeji. Mnandi na mbizi wote ni weusi, wote wanazamia, wote wanatoka majini na kutanua mabawa juani kama nguo kwenye kamba, kwa kuwa manyoya yao hulowa. Ila mnandi ana ncha ya mdomo iliyopinda kama ndoana, naye humkamata samaki kwa kumbana. Mbizi ana mdomo mnyoofu kama mkuki, na ndivyo anavyoutumia: anamchoma. Mbizi akiogelea mwili wote unazama, inabaki shingo tu juu ya maji. Abiria wangu mmoja aliwahi kupiga kelele kwamba kuna nyoka anatufuata.

Ukitaka mnandi wengi kwa mara moja, simama ufukweni ukitazama jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Pale juu panakuwa peupe kwa kinyesi chao. Na mdomo wa mto Mirongo, ingawa uchafu wake unaujua mwenyewe, usiudharau: kwarara anapita akidunga tope kwa mdomo wake uliopinda, na fundichuma hapungui. Fundichuma ni yule wa kahawia mwenye kishungi kinachofanya kichwa kionekane kama nyundo. Kiota chake ni maelfu ya vijiti, matope na matambara, kikubwa na kigumu hivi kwamba mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Nami nina heshima ya pekee kwa ndege huyu, kwa sababu zinazoeleweka.

Darubini

Yangu ni ya mtumba. Imeandikwa 8x42, maana yake inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Usidanganywe na muuzaji anayekusifia inayovuta mara 20. Ukiwa kwenye boti hiyo ya 20 inavuta na mtetemo wa mikono yako mara 20, utaona ukungu unaocheza.

Kabla hujalipa, toa darubini nje ya duka, tazama kibao chenye maandishi upande wa pili wa barabara. Ukiona maandishi mawili yaliyopandana kidogo, irudishe. Imeanguka, mirija haitazami tena mahali pamoja, na hakuna fundi wa mtaani atakayeinyoosha. Mimi nimejaribu kwa moja, nikaiua kabisa.

Kuiseti ni hivi. Funika kioo cha kulia, tazama kibao kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi ziwe kali. Sasa funika cha kushoto, tazama kwa jicho la kulia, ila usiguse gurudumu la katikati. Zungusha ule mkanda mdogo ulio kwenye kioo cha jicho la kulia. Herufi zikiwa kali, umemaliza kwa maisha yako yote ya darubini hiyo. Kuanzia hapo unagusa gurudumu la katikati tu. Nimekuta watu wamekaa na darubini miaka mitatu bila kujua ule mkanda ni wa nini. Kama unavaa miwani, rudisha ndani vile vikombe vya mpira.

Kumpata ndege kwenye darubini ndiko kunakowashinda wengi. Wanaona ndege, wanainama kutafuta darubini, wanainua, ndege hayupo. Usiinamishe macho. Mkazie ndege macho yako kama unavyomkazia mdeni sokoni, kisha leta darubini mbele ya macho bila kuyahamisha. Viwiko vibane kifuani. Na usiielekeze kwenye jua hata kwa bahati mbaya, utaunguza jicho.

Simu nayo ina msaada. Programu ya Merlin, inayotolewa bure na Cornell kule Marekani, ina picha za ndege wa huku; pakua fungu la ndege wa eneo letu ukiwa nyumbani kabla bando halijakata. Mimi naitumia kuhakikisha jioni. Mchana simu inabaki mfukoni, maana ukiinama kwenye kioo unakosa yanayopita kichwani.

Siku na saa

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, lakini ukifika saa nne asubuhi utahesabu kumi na kurudi. Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Uwe umeshakaa. Saa mbili za kwanza ziwa limelala, sauti zinasafiri mbali, na ndege wana njaa. Upepo ukishaanza kupiga kutoka ziwani mchana, mawimbi yanainuka na darubini haina kazi tena.

Kaa jua likiwa mgongoni. Asubuhi maana yake unatazama magharibi. Ukikaa kinyume utaona vivuli vyeusi vyenye mabawa, na utaandika uongo.

Jambo lingine waulize wavuvi: giza au mbalamwezi? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwa hiyo siku za giza nenda kwenye mialo wanakoanika, mfano Igombe, uwaone mwewe na yangeyange wamejaa juu ya nyavu za kuanikia, na akina mama wakiwafukuza kwa vijiti. Siku za mbalamwezi mialo inapoa. Hizo ndizo za kwenda kisiwani.

Na kalenda: kuanzia Oktoba hadi karibu Aprili tunakuwa na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mbayuwayu, keremkerem, na buabua weupe wanaoruka juu ya maji kama karatasi zilizopeperushwa. Ukiona vile vidudu vya ziwani vimepanda kama moshi mweusi katikati ya maji, usikimbie ndani kama wenzako. Funga mdomo, tazama ukingo wa ule moshi. Mbayuwayu watakuwa wanaingia na kutoka humo.

Saanane yenyewe

Kisiwa hiki kilikuwa makazi ya Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, na jina lake ndilo limebaki. Mwaka 1964 serikali ilifanya hapo bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa. Ndiyo ndogo kuliko zote: kilomita za mraba 2.18, na maji yakiwa yamehesabiwa humo. Boti za hifadhi zinatoka ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Capri Point, na safari ni kama dakika kumi. Nenda au piga simu jioni ya kuamkia siku yako, uulize kiingilio cha wakati huo, namna ya kulipa, na boti ya kwanza ni saa ngapi. Wa kwanza ndiye anayekuta kisiwa hakijachafuliwa na kelele.

Usivae ovaroli ya rangi ya chungwa. Mimi nilivaa.

Ukishuka, waache wenzako wapande kwenye mawe makubwa kutazama jiji. Wewe tafuta mwamba wenye kivuli unaotazama ghuba, juu kiasi kutoka majini, kaa, na usiondoke saa nzima. Robo saa ya kwanza hakutatokea kitu, na ndipo watu wengi wanapoinuka. Usiinuke. Pimbi watarudi juu ya mawe, mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu ataanza tena kupiga pushapu zake, na hiyo ndiyo dalili kwamba kisiwa kimekusahau.

Sasa sikiliza. Mlio mkali, mfupi, unaorudiwarudiwa karibu na maji: mdiria mweusi na mweupe. Nitakueleza asubuhi moja niliyokaa naye. Alikuwa juu ya tawi kavu, kama hatua kumi na tano kutoka kwangu. Dume, kwa sababu kifuani alikuwa na mikanda miwili myeusi. Jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati. Akaruka, akafika juu ya maji, akasimama hewani. Mabawa yanapiga kwa kasi, mwili unatetemeka, mdomo umeelekea chini, lakini kichwa hakitikisiki hata chembe, kana kwamba kimepigiliwa msumari angani. Kisha akafunga mabawa akadondoka kama bolti iliyochomoka. Nikahesabu: alizama mara tisa, akatoka na samaki mara tatu. Huyo wa tatu alikuwa furu. Akarudi naye kwenye tawi, akampiga kulia, akampiga kushoto, pa, pa, mpaka mapezi yakalegea, akamgeuza, akammeza akianza na kichwa ili miba isimkwame. Dagaa hasumbuki nao hivyo. Nimemwona akimmeza hewani bila kutua, mbali kabisa na ufukwe.

Furukombe utamsikia kabla hujamwona, na akishalia utaelewa kwa nini nasema sikiliza. Anarusha kichwa nyuma hadi karibu kuugusa mgongo, analia, na mwenzake anamjibu kutoka mti mwingine. Geuza uso polepole kufuata sauti, tafuta doa jeupe kwenye mti mrefu. Akishuka kuvua hazamii. Anapitisha miguu juu ya maji, na nyayo zake zina magamba ya ncha kali kama msasa, samaki hatelezi. Samaki akimzidi uzito hamwachii, anamburuta juu ya maji hadi kando.

Matete nayo yatazame, hata kama huoni kitu. Mnana, wale wa njano wanaofuma viota, wanapiga kelele kama gereji siku ya Jumamosi. Karibu na maji utamkuta korongo mweusi ambaye mdomo wake haufungi vizuri katikati. Lile pengo ni la kushikia konokono na kome.

Na hapo kwenye konokono nina neno. Usiingize miguu kwenye maji yenye majani ili upate picha. Kuna konokono wa majini wanaobeba kichocho, na kisiwa kina mamba. Tumbili nao ni wezi. Chakula kifungie ndani ya begi lenye zipu.

Watu kabla ya ndege

Hili halimo kwenye vitabu, na ndilo lililoniletea matatizo kuliko yote. Kwenye mialo yetu watu wanaoga na kufua. Ukisimama na darubini umeielekeza huko, hakuna atakayeamini habari zako za mdiria. Fika, salimia, waambie unatazama ndege, mpe mmoja wao darubini naye atazame. Usiielekeze bandarini, kwenye vyombo vya dola, wala madirishani mwa watu. Nilishawahi kuwekwa chini ya mwembe na mlinzi wa nyumba moja saa nzima kwa sababu mnana walikuwa wamejenga juu ya uzio wao. Aliniachia nilipomfungulia daftari akaona picha nilizochora. Alisema hakuna mwizi anayechora vibaya hivyo.

Daftari lenyewe ni la kawaida la mistari. Kila ndege mstari mmoja: tarehe, saa, mahali, anafanya nini, mdomo, miguu, rangi, mlio. Mlio uandike unavyousikia wewe. Mmoja wangu ameandikwa "mkanda wa jenereta uliolegea" na mpaka leo namtambua kwa hilo.

Siku ukiwa na pesa na likizo, kuna Rubondo upande wa Geita, hifadhi tangu 1977, kilomita za mraba 456.8, msitu mzito, na kasuku wa kijivu walioachiwa huko mwaka 2000 baada ya kunaswa kutoka kwa wafanyabiashara haramu. Huko usiende na kurudi; lala angalau usiku mmoja.

Wakati wa kurudi kutoka Saanane, kabla ya boti kushika kasi, mwombe nahodha apite taratibu karibu na vile vimawe vinavyochungulia majini pembeni ya kisiwa, azime injini, boti ielee yenyewe. Mnandi watabaki wamekaa, mabawa wazi, maji yanawadondoka, na utawasikia wakikoroma kooni kama wazee baraza la asubuhi. Manahodha wengi hawapendi kuzima katikati ya maji, wanaogopa haitawaka. Mimi huwaambia, "Zima, mjomba. Hiyo niliifungua juzi kwa mikono yangu."